Perege wa Fundi Cherehani

Mwaka ule wa 1956, jirani yetu wa Ilomba, fundi cherehani, alifuga samaki kwenye sanduku la vioo. Kila asubuhi aligonga kioo kwa ukucha na kumwamkia perege wake, "Umeamkaje, mama?" Perege alipobeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe, fundi alikanyaga cherehani polepole asimshtue. Siku ya kutema walitoka watoto wenye ndevu. Kambale aliyekaa naye sandukuni alikuwa amechanganya mayai yake na ya perege, na watoto wake wakawala wenzao humohumo mdomoni. "Watoe," mkewe akamwambia. Fundi akatumbukiza mkono. Perege akapanua mdomo, wote wakakimbilia ndani. Mkono ukabaki majini. "Kambale nilimletea mimi," akasema, "apate mwenzake." Aliendelea kumlisha perege, ila kioo hakukigonga tena.