Ufito Anaoukata Mtoto Mwenyewe

Zamani, upande wa mashariki wa Saginaw, mji wa viwanda huko kaskazini, mtoto alikuwa na mama katika kila baraza la mtaa, na leo hata babu aliyemzaa mama yake lazima aombe ruhusa ndipo amkemee.

Odell Prewitt aliyaona yote mawili. Alitoka Mississippi akiwa na miaka kumi na saba, akaingia kiwanda cha kusubu vyuma vya injini, akakaa humo miaka thelathini na minne mpaka sikio lake la kushoto likafa kwa makelele. Shule aliiachia darasa la sita ili akachume pamba. Mengine alijifundisha mwenyewe, saa ya kula, mgongo ukiwa ukutani, kwa vitabu vya kuazima. Hakuna aliyempa hongera, naye hakuingoja. Uzeeni alikuwa shemasi, mshika funguo za ukumbi wa kanisa.

Mtaa wake ulikuwa na nyumba ishirini na mbili. Zimebaki saba, kwingine ni nyasi. Nyumba ya Bi Earline Stubbs ilibomolewa mwaka juzi kwa nusu siku. Bi Earline ndiye aliyekuwa serikali ya mtaa. Ukivunja kioo saa tisa, saa tisa na dakika tano keshakuchapa, na saa tisa na robo amekufikisha kwa mama yako, ambaye anakuchapa tena kwa kumwaibisha, kisha anamkatia Bi Earline kipande cha pai ya viazi vitamu kwa kumshukuru. Hakuwa na cheti. Siku hizi kazi ile ina vyeti, ina vikao, ina karatasi za kujaza. Barazani hakuna mtu.

Walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu uliwafunza watu weusi kwa kamba na risasi. Kwa hiyo walitangulia kuchapa. Walichapa kwa kuwa walipenda, au ndivyo Odell alivyoambiwa, na hakuwahi kumuuliza mama yake mara mbili.

Yeye alikuwa na mtoto mmoja, Lavonne, aliyefiwa na mama akiwa na miaka kumi. Odell alimlea peke yake, akamsuka nywele vibaya, akamfikisha chuo. Lavonne aliolewa, akaachika, na akiwa na miaka arobaini na moja akarudi kwa baba yake, akamleta na binti yake Nyla, wa miaka minane. Akapata kazi ya kutoa watu damu hospitalini, na nyumba ikawa na sauti tena. Odell hakusema kwamba amefurahi. Alinunua kitanda.

Mwezi wa nne Nyla alipindua kiti darasani, na mwalimu akamwita askari wa shule. Mtoto wa kilo ishirini na nne aliitiwa mtu mwenye bastola kiunoni. Lavonne alikwenda kumchukua, akarudi naye, na Jumamosi iliyofuata akaingia kikao cha wazazi katika ukumbi wa kanisa. Mwenye kikao alikuwa Denisha Crowder, binti wa kanisa hilohilo aliyesomea mambo ya watoto na majonzi yao. Odell ndiye aliyefungua mlango na kuchemsha kahawa, kwa hiyo alisikia kila neno kwa sikio lake moja.

“Haya,” Denisha alisema, “ulipokuwa mtoto ukalia, nani alikubembeleza?”

Terrance, jitu linaloendesha gari la taka, akainua mkono kama mwanafunzi. “Mimi nilibembelezwa na mkanda. Ulikuwa na jina kabisa.”

“Jina gani?”

“Mchungaji. Maana ukikushukia tu, unatubu.”

Wakaangua kicheko. Mama mmoja wa nyuma akapaza sauti: “Kwetu ilikuwa, ‘Nyamaza, au—’” na ukumbi mzima ukammalizia, “‘—nikupe la kukuliza!’” Odell naye, kando ya birika, aliyatamka maneno hayo pamoja nao, akacheka.

Lavonne hakucheka. “Mimi nilitumwa kuukata ufito mwenyewe,” alisema. “Nikileta mwembamba, Baba anakwenda kuleta wa kwake.”

“Lo! Wa baba tena!” Terrance alisema. “Huo hauna majani, una hasira tupu.”

“Nilikuwa na miaka kumi. Mama ana miezi mitatu kaburini. Kosa langu silikumbuki. Nakumbuka nachagua.”

“Ulipokuwa unachagua,” Denisha aliuliza, “moyoni ulisikia nini?”

“Sikusikia kitu, dada. Ndiyo shida yenyewe. Siku nikisikia, kinakuja chote kwa mpigo, na mtoto yuko mbele yangu.”

Odell alifungua bomba akaanza kuosha vikombe ambavyo havijatumiwa.

Njiani, garini, Lavonne alisema bila kumtazama, “Baba, mwanangu hapigwi. Hatishwi fimbo, hatumwi ufito. Hospitali moja ya Columbus, jimbo jingine, wananitaka kazi, nimewaambia bado. Siku utakapofanya, tunakwenda.”

“Sawa,” Odell alisema.

“Sawa gani hiyo?”

“Sawa ya kwamba nimesikia.”

Akaishika ahadi miezi sita. Tusimnyime haki yake. Lavonne alibandika kwenye friji karatasi ya nyuso sita zilizochorwa, wa hasira, wa huzuni, wa woga na wenzake, na kila jioni Nyla aliweka kisumaku juu ya uso wa siku hiyo. Kisha humgeukia babu yake. “Zamu yako.”

Odell siku zote aliuonyesha uso mmoja, wenye mdomo ulionyooka.

“Babu, wewe kila siku huyohuyo!”

“Ndiye anayefanana nami.”

“Huyo hana kitu. Mama anasema wamemchora kwa ajili ya wavivu.”

“Basi mimi mvivu. Kula maharage yako.”

Jumapili ambazo Lavonne alikuwa zamu, ni Odell aliyemkalisha mtoto sakafuni katikati ya magoti yake na kumpaka mafuta kichwani, mstari kwa mstari, kwa vidole vilivyoungua mara nyingi hata havitambui joto. Hapo ndipo Nyla alipoongea. Alisema mwalimu huita jina lake kabla hajafanya kosa. Alisema alipindua kiti kwa sababu aliambiwa atabasamu. Odell alisikiliza, akahamia mstari mwingine. Zamani angesema, basi si ungetabasamu. Alifumba mdomo. Alidhani kufumba mdomo ndiko kunakotakiwa.

Mwezi wa kumi, siku ya kazi, saa kumi alasiri, gari la polisi likasimama mbele ya nyumba. Odell alikuwa anakusanya majani makavu, Nyla ameketi kwenye ngazi. Askari kijana akashuka, mkono mmoja kwenye mkanda wa bastola.

“Mzee, unaishi hapa?”

“Ndiyo, bwana.”

“Una kitambulisho? Tumepigiwa simu kuhusu mtu anayezungukazunguka nyumba tupu.”

“Kipo ndani, bwana. Naomba ruhusa niingie nikakilete.”

Nyla akasimama. Akashika kiuno. “Kwa nini unamwuliza babu yangu? Hii nyumba yetu! Wewe ndiye usiyeishi hapa!”

Askari alimtazama mtoto. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayekadiria uzito wa mzigo. Mkono haukutoka kwenye mkanda. “Ana mdomo huyu,” alisema.

“Mtoto tu, bwana,” Odell alisema. “Nitamshughulikia.”

Redio ya gari ikaita, askari akarudi ndani, gari likaondoka. Mambo yote hayakufika dakika tatu.

Odell aliegemeza reki ukutani. Miguu ilikuwa baridi kuanzia magotini kwenda chini, na kwingine hakusikia kitu. Kisha akausikia mdomo wake unasema, kwa sauti ya mama yake aliyezikwa miaka arobaini iliyopita, “Nenda nyuma ukanikatie ufito.”

“Wa nini?”

“Wa kukuchapa.”

Nyla alifikiri anatania. Akatabasamu, akangoja, akaona haendelei. “Lakini mimi nilikutetea.”

“Chukua mkasi wa jikoni. Na usiniletee mwembamba.”

Hakukusudia kumpiga. Hili aliwaambia wote baadaye, na lilikuwa kweli. Mama yake naye, mara mbili katika kila tatu, hakupiga. Ulisimama mbele yake na ufito wako, akakuangalia, akakwambia uutupe nje ukalale. Adhabu ilikuwa ile safari ya kichakani. Odell alikaa jikoni kungoja. Alikwishapanga la kusema: wale si watu wa kujibiwa, Nyla, wale unawaambia bwana, unarudi nyumbani hai. Alikuwa nalo kichwani neno kwa neno. Mtoto hakuja.

Aliyekuja ni Lavonne. Siku hiyo walimruhusu mapema. Alipitia mlango wa nyuma, akamkuta binti yake amechuchumaa chini ya kichaka, fito nne zimelazwa mbele yake kwa mpango, anazipukutisha majani moja moja. Hakuna aliyemfundisha kupukutisha. Hakuwa analia.

Lavonne aliingia jikoni na mkasi mkononi, akauweka juu ya meza.

“Umemgusa?”

“Sijamgusa. Wala sikutaka kumgusa. Polisi alikuwa hapa, Lavonne. Mtoto kamjibu. Mkono uko kwenye mkanda, na mtoto anajibu.”

“Najua hukumgusa,” Lavonne alisema. “Hata mimi mara nyingi hukunigusa. Hizo ndizo ninazozikumbuka.”

“Ningefanya nini?”

“Ungemwambia umeogopa.”

“Sikuogopa.”

“Baba.”

“Nimekwambia sikuogopa.”

Lavonne alivuta kiti akakaa. Alikuwa bado na sare ya kazi, na sauti yake haikupanda hata kidogo. “Nikisema tunakwenda, tunakwenda, unanijua. Lakini nakuuliza mara moja. Mwite mtoto hapa. Mwambie uliogopa watamwua mbele yako. Maneno hayo tu. Useme, nami Columbus nitawaambia hapana.”

Odell alikaa mikono juu ya meza. Alijitafuta kwa haki, kama mtu anayetafuta funguo. Alijua kwamba mtu katika hali ile huogopa. Alijua kitabuni, alijua kwa wengine. Lakini alipotia mkono kifuani mwake hakukuta kitu cha kutoa, na uongo hakulelewa nao.

“Chakula kiko tayari,” alisema. “Kuna mkate wa mahindi.”

Wakaondoka baada ya wiki mbili. Alisaidia kubeba masanduku na kufunga godoro juu ya gari. Watu wa kanisa walikuja na vyakula kana kwamba kuna msiba, na Terrance akamwuliza, “Shemasi, unaendeleaje?” naye akajibu kwamba lile gari linahitaji kubadilishwa mafuta. Jumamosi aliendelea kufungua ukumbi na kuchemsha kahawa. Denisha alimwambia mara moja kwamba kiti kipo, akitaka kukaa. Alisema amezoea kusimama.

Pasaka walimwalika. Aliendesha kwa muda wa saa tano mpaka Columbus, suti ikiwa imetundikwa nyuma. Kanisa lao jipya lilikuwa kubwa, na kama kila kanisa letu siku ya Pasaka, watoto walipanda mmoja mmoja kusema vishairi vyao. Nyla alipanda na gauni la manjano na soksi nyeupe. Akasema mistari miwili, wa tatu ukampotea. Akatazama viatu vyake. Kisha akaanza kulia, mdomo wazi, mbele ya watu mia nne.

“Si kitu, mwanangu!” bibi mmoja akaita, na kanisa zima likaitikia kutoka kila pembe, “Si kitu, mtoto! Chukua muda wako!” Lavonne akapanda, akapiga magoti, akamshika. Hakumwambia anyamaze. Nyla alilia mpaka alipomaliza, akajifuta kwa mkono, akasema mstari wa tatu na wa nne, na watu wakasimama kumpigia makofi.

Odell naye alisimama. Alifungua mdomo ili aseme lile “Si kitu, mtoto” ambalo wote walikuwa wamesema. Jirani yake alimtazama, akingoja. Odell akafunga mdomo, akapiga makofi.

Krismasi waliahidi kuja, theluji ikawazuia. Mwaka uliofuata daktari alimnyang'anya gari kwa sababu ya macho, na sikio lililobaki nalo likawa zito kwa simu. Kwa hiyo mara ya mwisho aliyowaona ni siku ile ya Pasaka, nje ya kanisa, kwenye magari. Lavonne alimnyooshea tai, akasema, “Endesha polepole, Baba.” Nyla alikuwa anamenya yai la Pasaka lililopakwa rangi, vidole vyote vya buluu. Alimpungia kwa mkono wenye maganda. Mtoto mwingine akamwita, akageuka akakimbia, na mama yake akamfuata akimwambia asichafue gauni.