Picha ya Adongo Mlangoni kwa Fundi Ramadhani

Harufu ya kitambaa kipya, kile ambacho bado kina wanga wa dukani, hunifanya niume meno hadi leo. Juzi mjukuu wangu Lavenda alitandaza magauni yake sebuleni hapa Migori, akamsimamisha rafiki yake dirishani ampige picha za kuuzia kwa simu. "Shusha kidevu. Uzito weka mguu wa nyuma. Usiangalie simu, niangalie mimi." Wapendwa, nilikuwa nasonga ugali, mwiko ukasimama. Maneno hayohayo niliyasikia nikiwa msichana mdogo, wala sikuambiwa mimi.

Tulizaliwa wawili. Mimi Apiyo nilitangulia, Adongo akanifuata, na sura ilikuwa moja, hata baba alituita kwa kubahatisha. Kwetu Wajaluo, pacha akipewa kitu, mwenzake hupewa kama hicho, hata iwe njugu. Ukibagua, unaita mabaya nyumbani. Kwa hiyo fundi Ramadhani, mshonaji wa Migori, alipomwomba mama yetu Turufosa mtoto mmoja apigwe picha na gauni jipya la manjano, aitundike mlangoni wateja waone kazi yake, mama alikataa palepale.

"Hawa hawatenganishwi, fundi. Ukipiga mmoja, piga wote."

"Mama, gauni ni moja!"

"Basi watavaa kwa zamu."

Mpiga picha alikuwa Bwana Okelo, ametoka Homa Bay na kamera ya miguu mitatu na shuka jeusi la kujifunika. Nilianza mimi, mkubwa. Nilisimama vile tulivyofundishwa kusimama mbele ya chifu: visigino pamoja, mikono imebana mapajani, kidevu juu, macho yametoka. Nilijiona malkia.

"Nyathina, mtoto wangu," alisema Okelo kwa upole, "gauni limekauka kama limeanikwa. Legea kidogo."

Nikakaza zaidi.

Adongo alipolivaa, lilikuwa bado na joto langu. Okelo akamgeuza bega, akamwambia ashike upindo kama anavuka tope, uzito mguu wa nyuma, kidevu chini. Adongo alikuwa anatetemeka. Okelo akatazama huku na huku, akaniona nimesimama na shimizi, mdomo nimeuvuta mbele kama bata. Akanishika bega, akaniweka kando ya kamera.

"Usiangalie mashine," akamwambia Adongo. "Mwangalie huyu."

Adongo akaniangalia, uso wake ukafunguka. Nikajua ananicheka.

Wote tulipigwa, lakini iliyotundikwa ikawa picha yake. Lile gauni, ukilitazama, ungeapa linatembea. Siku ya soko watu walinisimamisha, Mama Rosa wa omena, Nyangweso wa baiskeli: "Apiyo, umetoka vizuri pale mlangoni!" Sura moja, wangejuaje? Nilisema asante, na hiyo asante ikanikwama kooni kama mwiba wa samaki ngege. Adongo nilimnunia mpaka mahindi yakavunwa.

Aliolewa Homa Bay, akaenda na picha yake, fundi alimpa. Kila nilipomtembelea nilikaa nimeipa mgongo. Lakini wiki hii, baada ya mambo ya dirishani, nilimwambia Lavenda anipeleke kwa Adongo. Tulipofika, Lavenda akaisogelea ile picha ukutani, akaitazama kama fundi anavyotazama mshono wa fundi mwenzake.

"Nyanya Adongo, hapa ulikuwa unaangalia nini?"

Adongo alicheka, ufizi mtupu. "Ai, niliogopa! Yule mtu ameingia ndani ya shuka, mimi nadhani kichwa kimeliwa. Halafu nikamwona Apiyo na ule mdomo wake. Nikasema, kama Apiyo amenuna, basi hakuna kilichoharibika."

Miaka yote nimejiuliza kwa nini sura hii, ambayo ni yangu pia, ilimpendeza yeye kunishinda. Kumbe Bwana Okelo alinihitaji palepale nilipokuwa, na mdomo wangu wa bata. Nikageuza kiti, nikaitazama picha vizuri kwa mara ya kwanza. Macho ya Adongo yanatazama kando kidogo ya kamera, mahali niliposimama na shimizi yangu.

Lakini gauni la manjano, nawaambia nyinyi, lilinikaa mimi vizuri zaidi.