Kiganja cha Mama na Meno ya Mbweha

Katika utoto wangu kule Kotile, sikumwogopa fisi kama nilivyomwogopa mbweha. Fisi anataka mbuzi, na mbuzi wako zizini. Mbweha, tuliambiwa, anamtaka mtoto mchanga. Akilia karibu na nyumba yenye mtoto wa kunyonya, meno yake huingia kwenye ufizi wa mtoto huyo na kuanza kumla kutoka ndani. Mtoto atapata homa, ataharisha, atakauka. Dawa yake ilikuwa moja tu: kuyatoa meno hayo kabla hayajachomoza.

Aliyeyatoa kwetu alikuwa Ayeeyo, bibi yetu mzaa baba. Alitumia sindano ya kushonea magunia. Aliichoma kwenye makaa, akaipuliza, akasoma Bismillahi. Mimi alinitoa meno ningali mchanga, na ndiyo maana hadi leo nina mapengo mawili juu, kulia na kushoto, mahali ambapo wenzangu wana chonge. Mama naye alikuwa na mapengo hayohayo, kwani bibi yake alimtoa meno vilevile. Alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Nikaiga, nikidhani ndivyo wanawake wote wanavyocheka.

Mwaka ninaoukumbuka mvua ilichelewa, na maji tuliyochota yalikuwa na tope. Baba alikuwa malisho ya mbali pamoja na ng'ombe. Ndugu yangu Yusuf, ambaye alikuwa hajaanza hata kukaa, akashikwa na tumbo la kuharisha. Macho yake yaliingia ndani. Alilia bila machozi.

Asubuhi moja, baada ya sala, Ayeeyo alimpapasa ufizi kwa kidole gumba.

"Yapo," alisema. "Gusa mwenyewe. Magumu kama mtama."

Mama hakugusa. "Sista wa zahanati ametuonya sisi sote," alisema polepole. "Anayemkata mtoto ufizi nyumbani atapelekwa kwa chifu, kisha polisi."

"Yaani serikali imemaliza kazi zake zote," Ayeeyo akasema, "sasa inakuja kuhesabu meno ya mjukuu wangu?"

Nilicheka, kiganja mdomoni. Mama hakucheka.

Kulikuwa na sharti moja katika kazi ile. Kichwa cha mtoto kilishikwa na mama aliyemzaa. Akishikwa na mtu mwingine, Ayeeyo alisema, damu haikatiki. Kwa hiyo bila Mama hakuna ambacho kingefanyika, na nadhani wote wawili walilijua hilo sindano ilipokuwa ikiwekwa kwenye makaa. Mama aliketi mkekani, akamlaza Yusuf mapajani, akakishika kichwa chake. Nikajua amekubali.

Ayeeyo akaitoa sindano, akapuliza, akainama. Hapo Mama akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa Yusuf. Hakukikandamiza. Alikiweka tu, kama mtu anayefunika chakula kisiingie nzi.

"Ondoa mkono."

"Hapana, Ayeeyo."

"Mtoto anakufa mbele yako, wewe unamwogopa chifu?"

"Simwogopi chifu. Naogopa kuchelewa tena." Sauti ya Mama haikupanda. "Faduma alivuja damu papa hapa, juu ya mkeka huu. Hatukumpeleka popote, kwa sababu wangeuliza nani amemkata. Tulikuficha wewe, Ayeeyo. Mimi mwenyewe nilikuficha."

Jina la Faduma nililijua. Kwangu lilikuwa rundo dogo la mawe nje ya boma, ambalo Mama akilipita alipunguza mwendo. Nilijua ni dada yangu aliyenifuata, aliyefariki mchanga. Sikujua amefariki kwa nini. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba sindano ileile, na mkono uleule, vilipita kwangu nikapona, vikapita kwake hakupona.

Ayeeyo alishusha mkono wake.

"Huyu nampeleka sasa hivi, mdomo wake ukiwa safi," Mama akasema. "Hakuna atakayeniuliza kitu. Na wewe hakuna atakayekuuliza kitu."

Akamfunga Yusuf mgongoni akatoka. Nilimfuata na kidumu cha maji. Nilipogeuka nyuma nilimwona Ayeeyo anakuja, mbali kidogo, juani. Hakutufikia, wala hakurudi.

Sista wa zahanati alikuwa mtu wa bara, na Mama Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Sista alipoona hali ya mtoto akauliza kwa ukali, "Mmeshamkata?"

"Hapana, sista. Mdomo iko safi. Angalia wewe mwenyewe. Mtoto nahara tu."

Mama akaufungua mdomo wa Yusuf kwa vidole viwili. Sista akachungulia, akapapasa, na uso wake ukalegea. Alimnywesha dawa ya maji kwa kijiko, kidogo kidogo, kisha akamtundikia dripu. Alituambia kwamba ule ugumu kwenye ufizi ni meno ya mtoto mwenyewe, bado laini, yanangoja wakati wake.

Ayeeyo aliketi nje, ukutani, na tasbihi yake. Nilipotoka aliniuliza bila kuniangalia, "Analia?"

"Analia, Ayeeyo."

"Kwa machozi?"

Nilirudi ndani nikatazama. "Kwa machozi."

"Alhamdulillah," alisema, akajifunika uso kwa shungi lake.

Mimi, kwa akili yangu ya kitoto, niliendelea kumngoja mbweha aje kudai meno yake. Hakuja. Chonge za Yusuf zilipochomoza, Ayeeyo aliingiza kidole kuzikagua, akakichomoa haraka. "Wallahi, ameniuma! Huyu ni mbweha mwenyewe!" Tangu hapo akamwita Dawaco, yaani mbweha, na mpaka leo hata wafanyabiashara wenzake wa mifugo hawamjui kwa jina jingine. Ayeeyo hakuwahi kusema kwamba alikosea. Lakini wanawake walipomletea watoto wao aliwaambia macho yake hayaoni tena, yeye ambaye angeweza kuona kupe kwenye sikio la mbuzi kutoka mlangoni. Sindano ile ikashona magunia tu. Mungu amrehemu. Alitupenda, na kwa upendo huohuo alituumiza.

Mama naye ametangulia mwaka huu, kabla ya Ramadhani. Alifia hapa kwangu mjini, mtaa wa Waberi. Tulipomwosha, kabla hajafungwa kidevu, mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na niliyaona yale mapengo mawili. Hakukuwa na kiganja cha kuyafunika. Nikatambua kwamba kwa miaka yote ile sikuwahi kuutazama mdomo wa mama yangu akiwa anacheka.

Binti zangu wana meno yao yote. Wanacheka midomo wazi, kwa kelele, na ninamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila jino. Sitaki mtu awaguse kwa sindano, na akitokea wa kujaribu, nitakwenda kwa chifu mimi mwenyewe. Hilo nimelipata kwa Mama. Lakini siku nyingine wakicheka hivyo, nyumba nzima ikijaa sauti zao, mimi natafuta sura yake katika nyuso zao na siioni. Alichotuachia ni kuzuia mapengo yake yasirithiwe, na hivyo asifanane naye mtu mwingine.

Nimebaki mimi na mapengo yangu. Baada ya kutia udhu wa alfajiri husimama mbele ya kioo kidogo cha bafuni, nikatabasamu, na mkono wangu huinuka wenyewe kuja mdomoni, kama ulivyozoea. Naushusha. Namtazama Mama kidogo, namwombea. Kisha naenda kuswali.