Mwamvita, Mtani wa Umoja wa Wenyeji

Mwamvita alizaliwa Masaki ya Kisarawe, kitovu chake kimezikwa Masaki, na meno yake ya utoto yalirushwa juu ya paa la nyumba ya Masaki. Kosa lake lilikuwa baba. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa kubeba pembe, aliyeshuka pwani na mkewe, akatua mzigo Kisarawe akasema mguu huu hauendi tena. Akalima mihogo, akasilimu, akafa. Mwamvita akakua, akaposwa na Kibwana, Mzaramo wa hapo hapo, wakakaa kwa mapenzi na ugomvi wa kawaida mpaka Kibwana akaitwa na Mola wake, mwaka ule vita vya Hitla vilipokwisha. Wakamzika makaburi ya bondeni. Mwamvita akajua zamu yake ikifika atalala ubavuni pake. Hakuwahi kulifikiri mara mbili. Nani anafikiri mara mbili mahali pa kitanda chake?

Ndipo ulipozuka Umoja. Jina lake kamili ni Umoja wa Wenyeji wa Kulinda Mila na Nchi ya Wazee, jina refu kuliko kijiji chenyewe. Mwenyekiti alikuwa Mzee Shomari, mtu wa koti jeusi hata jua liwake namna gani. Karani wake Zahoro, kijana aliyesoma mpaka darasa la nne, na ukimwona anavyoshika kalamu utadhani ameizaa yeye. Wasisingiziwe, kazi walifanya. Kisima walikizibua, wagonjwa waliwabeba kwa machela mpaka hospitali, maskini akifa walimtafutia sanda. Na kila walipofanya kazi, chungu kilikuwa cha Mwamvita, kuni zake, nazi zake. Mila ililindwa na matumbo yaliyoshiba.

Siku moja wamemaliza kufyeka makaburi na kuyazungushia ua, Mzee Shomari akasimama, akakohoa kikohozi chake cha mkutano. Akasema makaburi yale ni ya wazee wenye nchi, basi tangu leo watu wa kuja watazikwa ng'ambo ya barabara. Yeye mwenyewe alizaliwa Soga, akaletwa Masaki kwa mbeleko. Lakini Mzaramo hata azaliwe mwezini ni mwenyeji.

Mwamvita alikuwa akipakua wali. Upawa ukasimama.

"Shemeji," akasema, "na Kibwana?"

"Kibwana yumo ndani, hana neno."

"Na mimi?"

Zahoro akapata kazi ya kuchonga penseli.

"Wewe, shemeji," akasema Mzee Shomari kwa upole, "tutakutafutia mahali pazuri. Kule ng'ambo kuna kivuli."

"Kivuli nitakifanyia nini, shemeji? Nitakuwa nachambua mchicha?"

Akawamalizia kuwapakulia, maana wali hauna kosa, ila toka siku ile hakuwapikia tena. Umoja ukawa unalinda mila kwa mihogo mikavu.

Familia nyingine za Kinyamwezi ziliposikia tangazo lile ziliacha kabisa kufika misibani. Walisema watu wa kuja hawana maiti huku, wakahamia mashamba ya mkonge. Wenyeji wakafurahi kwamba nchi imetakata. Hawakujua wamekata tawi walilolikalia. Maana Mzaramo mkubwa hazikwi hivi hivi. Lazima awepo mtani wake, Mnyamwezi, avae nguo za marehemu, amwigize, amseme, azuie jeneza mpaka apewe atakalo. Na atakalo mtani msibani halikataliwi, wala hakuna ruhusa ya kununa. Msiba usio na mtani ni kilio kitupu.

Masika ilipoingia Mzee Shomari akafa. Akaacha wasia mbele ya watu kwamba azikwe kwa mila yote, asipunguziwe hata chembe. Zahoro akatazama huku, akatazama kule. Mtani aliyebaki Masaki nzima ni mmoja, naye yuko shambani kwake, kawapa mgongo.

Akaenda.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Leo umeniona?"

"Tumefiwa."

"Nimesikia. Poleni, wenyeji."

"Tunakuomba uje, mtani wetu."

"Mila ya wenyeji inamtakia nini mtu wa kuja? Si mnailinda? Ilindeni."

Zahoro akachutama kando ya tuta. "Bi Mwanne anakulilia. Anasema mumewe hatoki ndani mpaka ufike."

Mwanne mjane hakuwa na kosa. Tena hapo hapo kuna jambo lilimjia Mwamvita kichwani. Akalaza jembe.

Akaingia uani pale msibani amevaa koti jeusi la marehemu, mikono imepita vidole, kofia imemfunika masikio. Akatembea tumbo mbele. Akakohoa kile kikohozi. Watu waliokuwa wakilia wakashindwa waendelee au wacheke. Akakaa kizingitini, jeneza likazuiwa nyuma yake. Wakamtupia shilingi, akairudisha kwa mguu.

"Ndugu wanachama," akasema kwa sauti ya Mzee Shomari, mpaka Mwanne huko ndani akashtuka, "nimekwishafika huko ninakokwenda. Wameniuliza mlangoni, wewe nani? Nikasema mimi mwenyeji wa Masaki. Wakaniuliza, mbona umezaliwa Soga?"

Mwanne ndiye aliyeanza kucheka, mjane mwenyewe, na kilio chake kikavunjika katikati.

"Wakaniambia huku hakuna mwenyeji, Shomari. Huku wote ni watu wa kuja. Basi nimeomba ruhusa nirudi kidogo, nifute azimio. Mwamvita atalala ubavuni mwa Kibwana. Asiyekubali anyoshe mkono, nipate kumjua wa kunifuata."

Wanaume wazima walishika mikono yao mapajani kama wameshikiwa. Zahoro alikalia wake.

"Limepita," akasema Mwamvita, akasogea. Jeneza likatoka.

Baada ya hitima Zahoro akamfuata nyumbani. Wazee wamekaa, akasema, wameona kanuni ya Umoja haifai kuvunjwa, basi wametafuta njia. Kanuni ibaki, na yeye Mwamvita wamemtunukia uenyeji.

"Nikishakuwa Mzaramo mwenzenu," akauliza Mwamvita, "wewe ukifa atakucheka nani?"

Zahoro akafikiri. Lilimchukua muda, pamoja na darasa lake la nne.

"Basi, shemeji, ubaki mtu wa kuja."

"Nibaki. Na mahali pangu?"

"Pako."

Hakungoja aseme mara ya pili. Jioni ile ile akaenda bondeni, akang'oa majani ubavuni mwa Kibwana, akapigilia vigingi pembe zote nne, akavigonga kwa jiwe mpaka vikazama, kwa sababu neno la wenyeji huota magugu upesi.