Shahidi Wangu Pekee ni Mama Mkwe

(Mwandishi wa barua hii ametuomba tufiche jina lake. Mhariri)

Bwana Mhariri na wasomaji wenzangu, niwieni radhi kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Zamani niliwaandikia mara kwa mara juu ya kahawa na malezi. Safari hii sina la kumfundisha mtu. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na minne, mwalimu niliyestaafu na mzee wa kanisa. Nina lori moja kuukuu ninaloliendesha mwenyewe. Hupeleka ndizi Kisii na kurudi na bidhaa za maduka ya Kebirigo.

Mwezi uliopita mke wangu aliugua, na mama yake akatoka kwao Nyacheki kuja kumwuguza. Nilimkuta Kisii mjini amejibanza kwenye baraza ya duka, amelowa. Nyuma ya lori palijaa mabati na magunia ya chumvi chini ya turubai. Hapakuwa na nafasi ila mbele, kando yangu.

Asiyekuwa Mgusii huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Sisi tuna chinsoni, heshima ya wakwe: mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawaketi kiti kimoja. Nimeishika heshima hiyo miaka thelathini. Lakini je, ningemwacha bibi kizee kwenye mvua? Niliweka gunia la sukari katikati yetu. Yeye alijifunika shuka hadi usoni, akageukia dirisha, tukaenda njia nzima bila kusemezana.

Tulipokaribia Kebirigo mvua ilikuwa imekatika, na ilikuwa siku ya soko. Mara tu baada ya kuvuka kalvati la kwanza, mama aligonga mlango kwa kiganja. Nilielewa: hakutaka watu wa sokoni watuone tumeketi pamoja. Nilisimama. Alishuka polepole kwa sababu ya goti lake bovu, akabaki ukingoni akijikung'uta. Ghafla, nyuma yetu, askari alichomoza kwenye miti ya miwati akapunga kitambaa cheupe, na gari dogo jeusi likatupita kwa kasi na kuturushia matope. Mimi niliona, na mama mkwe aliona.

Mtego huo mnaujua. Gari likivuka kalvati la kwanza, askari hupunga kitambaa. Mwenzake aliye kalvati la pili huanza kuhesabu kwa saa. Niliondoka bila wasiwasi, mama akifuata kwa miguu. Nilipofika kalvati la pili, gari jeusi lilikuwa limekwisha kwenda, na mwenye saa alinisimamisha mimi.

"Mzee, umekimbia maili arobaini na tano kwa saa."

"Kwa lori hili? Lisukume wewe tuone kama litafika huko."

"Kitambaa kimepungwa, saa imehesabu. Saa haisemi uongo."

"Saa haina kosa. Gari ililolihesabu umelitazama likipita."

"Lile ni gari la mkubwa, mzee."

"Kwa hiyo mkubwa akikimbia, mimi ndiye ninayechoka?"

Alicheka, akaandika. Wanawake waliokuwa wakipanga viazi karibu na hapo walishangilia. Mmoja, niliyemfundisha kusoma, alipaza sauti: "Mwalimu! Sisi ulituchapa kwa kuchelewa, leo wewe umeshikwa kwa kuwahi!"

Hapa kwetu kila anayeandikwa hukubali kosa, akalipa, akaenda zake. Mimi nilifika mbele ya hakimu nikasema, "Ninakana." Karani aliinua kichwa kana kwamba nimetukana. Kesi iliahirishwa, nikaambiwa nilete shahidi. Nilikwisha kukubali kosa moja mwaka jana, la taa iliyozimika, na hilo lilikuwa kosa kweli. Nikitiwa hatiani mara hii, leseni yangu itachukuliwa, na lori ndilo linalotulisha.

Lori lililosimama haliwezi kuwa lilikimbia. Lakini hakimu atauliza: ulisimama kwa nini, na nani aliona? Jibu la maswali yote mawili ni mama mkwe.

Ndugu yangu alikuja na shauri lake. "Sema ulisimama kukaza kamba ya turubai. Mimi nitakuwa shahidi."

"Siku hiyo ulikuwa Nyamira."

"Hakimu anajua?"

"Mimi ninajua," nilimjibu, nikamwonyesha mlango.

Wazee wenzangu wa kanisa wanasema nikubali tu, yaishe. Wanaume haohao husimama mbele ya waumini na kuonya juu ya ushahidi wa uongo! Kukubali nisilolifanya ni uongo, hata ukisemwa kwa unyenyekevu.

Mke wangu, ambaye sasa amepata nafuu, analia. "Utamsimamisha mama yangu mbele ya wanaume aseme aliketi na mkwewe? Watoto wa soko watamwimbia mpaka kaburini."

Mama mkwe mwenyewe, aliposikia, alizungumza na binti yake jikoni kwa sauti ya kunifikia mimi uani: "Mwambie baba watoto kwamba macho yangu ni mazima. Yule wa kitambaa nilimwona, hata kofia yake ilikuwa upande. Anayetaka kuimba na aimbe. Nitakwenda."

Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Ruhusa ameitoa, aibu ataibeba yeye, nami ndiye nitakayekuwa nimemtwika.

Kukana nimekwisha kukana, na hilo siliulizi. Hata wakileta askari kumi na saa kumi, sitasema nilikimbia. Ninalowauliza, hasa ninyi mlio na wakwe, ni hili: nimpeleke mama huyu mahakamani, au niingie peke yangu na neno langu tupu? Nipeni shauri, wenzangu, nifanye lipi? Kesi ni mwisho wa mwezi. Nikishakata shauri nitawaandikia, na kama leseni itakuwa imekwenda, barua hiyo nitaipeleka posta kwa miguu.