Zumari Iliyonyooshwa

Mume wangu ni fundi wa kukereza mbao, na hapa mtaani wanamwita Nyoosha. Jina limemkaa. Akiingia nyumba ya watu, kabla hajamaliza kuitikia salamu ameshainyoosha picha ukutani. Siku alipokuja kwetu kuposa alikunja karatasi akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza, na baba yangu akasema huyu ama atanitunza ama atanichosha. Yote mawili yametimia.

Aliyemlea ni mjomba wake, aliyepiga klarineti katika bendi ya manispaa miaka thelathini na moja. Mjomba aliacha kupuliza meno ya mbele yalipong'oka, maana klarineti huegemea meno ya juu, na yale ya bandia yalikuwa yakimchezea mdomoni. Akaigawa. Alisema hana kinyongo, lakini akikaa mezani kwetu vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya kikombe cha chai, na mimi nilikuwa nikiviona.

Mwaka juzi Nyoosha alinunua makabati kuukuu ya shule iliyofungwa, akitafuta mti mgumu wa miguu ya viti. Nyuma ya droo iliyokwama akakuta kijiti cheusi cha urefu wa kiwiko mpaka ncha za vidole, chenye matundu na vibonyezo viwili vya shaba. Akadhani ni mguu wa kiti ulioliwa na wadudu.

"Wadudu gani hao wanaotoboa kwa mstari?" nikamuuliza.

Tukamwita Mjomba. Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya matundu.

"Hii ni zumari ya zamani," alisema mwishowe. "Huyu ndiye bibi yake klarineti. Nilikuwa namjua kwa picha tu."

Nyumbani kwake alikuwa bado na kopo la vilimi, vile vipande vyembamba vya utete vinavyotetemeka mdomoni na kutoa sauti. Alikwenda, akarudi na kimoja, akakipunguza kwa kiwembe na kukifunga kwa uzi. Kisha akaigeuza zumari, kilimi kikakaa upande wa mdomo wa juu.

"Wa kale walipuliza hivi. Hapa meno hayana kazi."

Sauti ilitoka nene, ya chini, kama mtu anayezungumza nawe jikoni. Alipiga wimbo aliomtungia marehemu mkewe walipokuwa vijana, ambao hakuwahi kuuandika wala kuupiga tena tangu meno yamtoke. Ulipanda polepole, ukafika mahali ukasita, na papo hapo kilimi kikapasuka. Mjomba akacheka, huku machozi yakimtoka.

"Basi tuimbie huo mwisho," nikamwambia.

"Kwa mdomo siujui, mwanangu. Vinavyoujua ni vidole. Jumapili nitakuja na vilimi vingine, mtausikia wote."

Mlangoni akanishika mkono. "Mwambie mumeo asiiguse. Namjua, nimemlea mimi."

Sikumwambia. Asubuhi ile tulikuwa tumegombana kwa sababu alinifundisha, mimi mama wa watoto wanne, namna ya kukunja taulo, na nilitaka wiki moja ya amani. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Jumamosi nilisikia mashine ikinguruma, nikadhani ni miguu ya viti. Nilipompelekea chai nikamkuta na vumbi jeusi kwenye aproni. Alikuwa ameichungulia zumari kwenye mwanga wa dirisha, akaona tundu lake la ndani limepinda na kubonyea kwa uzee. Akapitisha keekee ndefu ya kutobolea, akasugua kwa msasa mpaka ndani kukang'aa.

"Mzee wangu apulize kitu kilichopinda?" aliniambia, akitabasamu. "Namtengenezea."

Nilitua chai, nikarudi jikoni. Nilikuwa nimeshaelewa kwa nini Mjomba alisema asiiguse.

Jumapili Mjomba alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Nyoosha akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Itazame ndani, Mjomba. Sasa imenyooka."

Mjomba aliielekeza dirishani, akatazama sana. Akafunga kilimi, akapuliza. Ukatoka upepo, kisha mlio mkali ambao hata yeye ulimshtua. Akajaribu kilimi cha pili, na cha tatu. Zile sauti za chini hazikuwamo tena. Akaifuta zumari kwa leso yake, akaiweka mezani.

"Kazi safi sana, mwanangu," alisema, akaomba chai. Heri angetutukana.

Alipoondoka nilimweleza mume wangu nilichoagizwa. Aliniuliza kwa nini sikusema, nami nikaanza kukusanya vikombe. Wanasema majuto ni mjukuu; wangu anaishi nami nyumba moja.

Tangu hapo Nyoosha akawa anakereza zumari mpya baada ya kazi. Alitengeneza tisa, na katika hizo alipindisha tundu kwa makusudi, yeye aliyekuwa hawezi kuvumilia mshumaa ulioinama. Mjomba alizijaribu zote kwa subira. "Karibu," alikuwa akisema kila mara, wala hatukupata kujua ni karibu kiasi gani. Tulimzika kabla zumari ya kumi haijakauka mafuta niliyoona akiipaka.

Nikiosha vyombo huwa naiimba chinichini ile nusu ya wimbo bila kujijua. Karakana iko nyuma ya ukuta wa jiko. Nikifika pale uliposita, nasikia mashine inazimwa. Tunangoja kidogo, yeye kule na mimi huku. Kisha naendelea na sahani.