Barua Niliyoifasiri Bandani

Sehemu ya pili ya lile gemu la kutisha ilipofika kwenye banda letu pale Maili Moja, Kibaha, haukupita mwezi benchi zima likawa na kauli moja: wameharibu. Fundi rangi alisema waliolitengeneza walikuwa na haraka ya kula hela za watu. Muuza viatu alisema tochi inakwisha betri kila baada ya hatua kumi, sasa mtu atamwonaje huyo zombi, kwa kumnusa? Mwingine, ambaye kazi yake pale ilikuwa kutazama na kukohoa tu, alisema sehemu ya kwanza ilitisha kwa heshima, hii ya pili inatisha kihuni. Lakini lawama kubwa, iliyorudiwa hadi kwenye grupu letu la simu, ilikuwa juu ya stori. Yule mama wa sehemu ya kwanza, mwenye huruma, aliyemwachia binti yake barua ya radhi, amegeuzwaje kuwa dubwana linalomsaka binti huyo huyo? Mama hawi hivyo, walisema.

Walikuwa na haki ya kukasirika. Tatizo ni kwamba mama mwenye huruma hakuwahi kuwemo ndani ya gemu lile. Nilimtunga mimi.

Banda letu lina utaratibu wake. Gemu la mpira ni la wawili wawili, anayefungwa anampisha mwenzake. Gemu la kutisha ni la mtu mmoja na ni refu, kwa hiyo mmoja anashika pedi ya kuchezea, benchi linatazama, na pembeni ya mchezaji anakaa mfasiri. Tumeurithi utaratibu huo kwenye mabanda ya video, ambako jamaa mmoja anakuelezea picha nzima ya kigeni kwa Kiswahili, anaigiza sauti za wanaume, za wanawake na za mbwa. Na magemu ya stori yana maneno mengi: madaftari ya kuokota, barua, matangazo ukutani. Bila mfasiri benchi linasinzia.

Mfasiri nilikuwa mimi. Kiingereza changu cha kidato cha nne naomba tusikizungumzie. Nauza makava na kubandika vioo vya simu, kwa hiyo maneno ya kwenye simu nayajua, na ya hatari nayajua. Yaliyobaki nilikuwa nayajaza. Sauti ninayo, hilo hata wanaonichukia wanakubali, na debe tupu haliachi kuvuma.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anakaa nasi Visiga na kushona kwenye kibaraza kimoja hatua chache kutoka bandani. Kwao ni Kibuta, huko Kisarawe. Mama mkubwa alianza kuumwa wakati wa msimu wa sare za shule. Dada akasema, nimalize hizi kaptula za watu, Jumamosi nakwenda. Alhamisi simu ikaita. Maiti yetu sisi Waislamu haiwekwi kumsubiri mtu, na kutoka kwetu hadi Kibuta ni kuunga magari. Alipofika, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini wananawa miguu.

Alirudi Visiga baada ya arobaini, amekonda, hasemi. Kilichokuwa kinamla si kifo peke yake. Kwetu hakuna kitu mtoto anachokiogopa kama mzazi kuondoka bila kumwachia radhi, na yeye hakujua kama ameachiwa. Waliokuwepo nao hawakuwa na la kumwambia, maana mama mkubwa siku zake mbili za mwisho hakutamka kitu. Mama yangu alimwombea dua, akamkandia maandazi, lakini hilo la radhi hakuligusa. Sote tulilikwepa.

Jumapili mchana alianza kuja bandani kunisubiri turudi wote nyumbani. Alikaa mwisho wa benchi na mtandio wake, peke yake mwanamke. Siku moja mchezaji wetu alitupa pedi kwa hofu, ikamwangukia miguuni. Akaiokota, akaendelea. Mikono ile iliyozoea kupitisha kitambaa chini ya sindano haikutetemeka hata kidogo. Benchi likashangilia.

"Wa Kibuta haogopi giza," muuza viatu akamtania. "Umeme wenyewe kauona juzi!"

"Na ninyi wa Kibaha mnaogopa hata kivuli cha kuku," akajibu. Lilikuwa neno lake la kwanza la utani tangu msiba.

Kuanzia hapo pedi ikawa yake. Gemu lenyewe lilikuwa hivi: binti anapita na tochi ndani ya hospitali iliyofungwa, anamtafuta mama yake aliyekuwa amelazwa humo. Kwenye korido kuna vitu visivyo na macho, vinakusikia ukipumua. Dada alikuwa anabana pumzi yake ya kweli kila binti alipojificha kabatini. Mwisho kabisa akafika kwenye wodi, kitanda kitupu, na chini ya mto kuna barua.

Barua ilijaza kioo chote. Dada akanigeukia.

"Soma, kaka."

Nilitazama kioo. Niliyoyatambua ni mama, mlango, na binti. Nilimtazama dada. Kisha nikaishusha sauti yangu, ile ya wanawake wa makamo, nikasoma: "Mwanangu, najua uko njiani. Usilie kwa kuchelewa. Aliyechelewa kwa kazi hakuchelewa kwa dharau. Nimekupa radhi zangu, duniani na akhera."

Fundi rangi alijifuta macho kwa mkono wenye rangi. Dada hakulia. Aliniomba nimwandikie maneno yale, nikayaandika nyuma ya boksi la kava kwa kalamu ninayoandikia bei. Wiki ile alianza kula vizuri. Mimi nikajiona daktari, nikatembea Maili Moja kifua mbele. Nasema kweli, nilijisifu moyoni.

Sehemu ya pili tuliipata mwaka uliofuata. Ilianza kwa kuionyesha tena barua ile ile, nami nikasema, "Hii tunaijua," tukaipita. Kwenye benchi kulikuwa na jamaa mgeni, amemaliza chuo, anasubiri ajira, Kiingereza kwake ni maji. Jumapili mbili alikaa kimya akinisikiliza. Sasa najua ilikuwa adabu tu.

Jumapili ya tatu yule mama akatokea mwisho wa korido. Nywele zimemwagika usoni, shingo imepinda, anamwita binti kwa jina. Benchi likapiga kelele: piga, kimbia, jifiche! Dada hakubonyeza kitu. Alimsimamisha binti katikati ya korido na tochi inawaka. Mama akaja, akamuua.

Akaanza tena. Akasimama tena. Mara ya nne benchi lilikuwa linacheka kwa nguvu, hata waliokuwa kwa kinyozi jirani wakachungulia.

"Dada, mpige au umkimbie," jamaa wa chuo akasema taratibu. "Hawezi kukutambua."

"Atanitambua. Barua ilisema amempa radhi mwanawe."

"Barua?" Akanitazama, akamtazama yeye. "Samahani, dada, barua haikusema hivyo. Ilisema anayeiokota aufunge mlango kwa nje. Mama mwenyewe ameandika: hata binti yangu akija, asifunguliwe, maana sitamjua."

Kicheko kikakatika. Dada akanigeukia kama siku ile.

"Kaka, waambie. Si ulisoma wewe?"

Kusema "nilisoma mimi, nilitunga mimi" kungenichukua pumzi moja tu. Lakini niliona macho ya benchi, nikaona cheo changu kinaondoka, na ulimi hauna mfupa.

"Aa, mimi nilifasiri juu juu tu," nikasema. "Hayo ya radhi aliyaongeza mwenyewe. Si mnajua alikuwa na msiba."

Wakacheka. Mimi nilicheka wa kwanza, hilo ndilo nisilolisahau. Dada aliifuta pedi jasho kwa ncha ya mtandio, akamkabidhi aliyekuwa jirani yake, akavaa viatu na kuondoka.

Nyumbani hakuninunia. Alinipakulia wali, akaniambia maji yako bafuni, kaka. Afadhali angenitukana. Nami, badala ya kutubu, niliingia kwenye grupu nikarekodi maoni yangu kwa sauti nzito: sehemu ya pili ni mbovu, watengenezaji wamepotea njia, wamemsaliti mama. Watu wakaniunga mkono. Maoni yale yalitembea hadi Mlandizi, nikawa nasikia wateja wangu wananirudishia maneno yangu wenyewe wakati nawabandikia vioo.

Aibu ilinianza kidogo kidogo, kila nilipopita pale kibarazani nikisikia cherehani. Asubuhi moja, banda likiwa halina watu, nilimwomba jamaa wa chuo anisomee sehemu zote mbili tangu mwanzo. Alinisomea bila kunicheka. Gemu lilikuwa zuri, na la pili limelizidi la kwanza. Mama aliomba mwenyewe afungiwe ili asije kumdhuru mwanawe. Huruma ilikuwemo tangu mwanzo, ila haikuwa ile yangu laini kama maandazi.

Nikaandika kwenye grupu: sehemu ya pili ni nzuri, kibovu ni mfasiri, barua niliitunga mimi. Niliogopa sana kubonyeza. Walijibu kwa vicheko. Muuza viatu akasema, "Mbona tulijua, tangu siku zombi wako alipoitikia salamu." Kumbe kukiri mbele ya benchi hakukunigharimu chochote. Ilibaki kwenda kibarazani.

Nilimkuta na rundo la sketi za shule, msimu umerudi. Nikasimama mbele ya cherehani.

"Dada, nisamehe. Ile barua nilikudanganya."

Akazuia gurudumu kwa kiganja.

"Barua nilijua, kaka."

"Ulijua?"

"Kioo kizima kimejaa Kiingereza, wewe umetoa mistari minne. Tena ulikuwa unanitazama mimi."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Nilitaka mtu wa kwetu aniambie." Alikuwa anachomoa uzi kwenye pindo, haninyanyulii uso. "Mama mdogo hakusema. Wakubwa wa Kibuta hawakusema. Ukasema wewe, mtoto wa mdogo wake. Nikasema basi, damu yake imesema. Halafu mbele ya watu ukasema hukusema."

Nilimwambia nitasema tena, hapo hapo, mbele ya yeyote anayemtaka. Nilianza kabisa: nimekupa radhi.

"Acha," akasema. "Sasa hivi unasema ili upone wewe."

Akavuta droo ndogo ya cherehani, kati ya vibobini vya uzi na chaki akatoa kile kipande cha boksi la kava, kimelainika kwa kukunjwa. Nilidhani atakichana. Akaninyooshea.

"Yako hii."

Mama mmoja alifika na binti yake kujaribisha sketi, ikabidi nipishe njia. Dada akamshika mtoto kiuno, akamwuliza kama inabana.

Ninacho mpaka leo kipande kile, kwenye meza yangu ya makava. Mwandiko ni wangu na maneno ni yangu, na sina mtu hata mmoja ninayeweza kumsomea.